Rangi Haikamuliwi

Akwero alichukua kikombe, akaenda uani kumkamua mbuzi wake. Alikamua na kukamua. Yalitoka maziwa ya kulowesha kidole tu. Binti yake mdogo, Aber, alikuwa amekaa mlangoni, mashavu yamemwingia ndani. Maziwa ya kopo yalikuwa yameadimika Kampala nzima. Waliokuwa nayo waliyauza kwa magendo.

"Mama, leo iko?"

"Leo hakuna. Kunywa uji."

Akwero alitaka kumkasirikia yule mbuzi, lakini alipomtazama, hasira zikamwisha. Alikuwa mweupe, na kila jicho limezungukwa na weusi, kama aliyepaka wanja. Mbuzi wa namna hiyo ndiye ambaye Onen, mume wake, alimpeleka kwa mama yake Akwero siku ya mahari, kule Kitgum. Onen alikuwa polisi. Mwaka uliopita watu walimfuata kazini wakaondoka naye, na hakurudi. Siku hizo za utawala wa wanajeshi mtu hakuuliza kwa sauti. Akwero alimtamani mumewe mpaka kifua kikamuuma. Basi alipomwona mbuzi huyo sokoni Nakawa, hakutazama kingine. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Jirani yake, Mahfudha, alikuja kuomba moto. Watu walimwita Mama Mansur. Marehemu baba yake aliwachagulia Waislamu wa mtaa mbuzi wa Idi, naye bintiye ndiye aliyekuwa akimshikia kamba. Mbuzi wa Idi hatakiwi kuwa na kasoro, kwa hiyo Mahfudha alijua kasoro zote.

"Mama Aber, huyu ulimchagua kwa nini?"

"Rangi yake. Hii mbuzi iko sawa na ya kwetu."

Mahfudha akacheka kidogo. "Rangi haikamuliwi, mwanangu. Mshike kichwa."

Akafunua mdomo wa chini wa mbuzi. "Tazama meno ya mbele. Yameisha, mengine yameng'oka. Huyu ni bibi kizee, hawezi kutafuna majani vizuri. Mbuzi kijana meno yake yamebanana." Akapapasa kiwele. "Huku ni kugumu kama jiwe. Aliwahi kuugua. Kiwele kizuri ni laini, na chuchu zote mbili zinatoa. Haya, mtembeze. Unaona anavyochechemea?"

Akwero aliona. Aliona aibu pia.

"Sasa mimi nifanye nini, Mama Mansur?"

"Mpeleke kwa mchinjaji, ununue mwingine."

Akwero akamshika mbuzi shingo, machozi yakamtoka. "Hii tu ndiyo inanionyesha Onen."

Mahfudha hakumharakisha. Alikaa naye chini. Kisha akasema polepole, "Onen aliacha mbuzi au aliacha mtoto?"

Akwero alimtazama Aber. Akafungua kamba.

Walimwacha mbuzi mzee kwa mchinjaji, wakaenda sokoni na fedha hizo. Muuzaji mmoja alimletea Akwero dume jeupe lenye pembe ndefu. "Nyabo, mama, hii nzuri sana."

"Mimi nataka jike," Akwero alijibu. Alipita kwa mmoja mmoja. Alifunua midomo, akapapasa viwele, akawatembeza. Mwisho akasimama kwa jike dogo la kahawia, masikio mafupi yamesimama, lina mimba. Mgongo ulikuwa umenyooka na miguu imara.

"Hii ndogo," alisema kwa mashaka.

"Mbuzi wetu wa kienyeji wengi ni wadogo," Mahfudha akasema. "Hawali sana, wanavumilia jua na kupe. Maziwa yao si mengi, lakini mzima atamtosha mtoto. Muulize muuzaji kama huyu alizaliwa pacha. Mara nyingi pacha huzaa pacha."

Alikuwa pacha. Akwero akamchukua. Njiani hakugeuka nyuma, ingawa alitaka sana.

Mvua zilipokuja, mbuzi alizaa wawili. Mahfudha akamwonya, "Waache watoto washibe kwanza, ndipo ukamue. Osha mikono na kiwele. Chemsha maziwa kabla ya kumpa Aber."

Akwero alifanya hivyo kila asubuhi. Mashavu ya Aber yakajaa, akaanza kukimbia na watoto wa jirani. Hamu ya Onen haikuondoka. Kila alipokamua, alimfikiria.

Siku moja Aber alimaliza maziwa yake, akafuta mdomo.

"Mama, baba akija, yeye pia atakunywa?"

Akwero alikipokea kikombe.

"Atakunywa. Nitamkamulia mwenyewe."