Maji Yasiyo na Neno

Kila Jumamosi Dorkasi alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akaenda darasa la kipaimara katika kanisa dogo la Kilutheri pale Mwera. Hivyo ndivyo mama yake, Elizabeti, alivyojua. Jumamosi moja Dorkasi alipitia kwa rafiki yake Queen, ambaye kwao kulikuwa na televisheni, akanogewa na tamthilia mpaka darasa likaisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo Dorkasi aliiona ndefu ya kutosha. Aliazima daftari la Hosea, mwenzake wa darasa, akanakili kwenye lake kichwa cha somo kwa mwandiko mzuri, "Ubatizo wa Dharura", na chini yake akaacha ukurasa mtupu.

"Leo mmefundishwa nini?" mama aliuliza huku akimnyonyesha Tadeo, mtoto wa wiki tano.

"Ubatizo, mama. Ona."

Mama alikisoma kichwa cha somo, akatabasamu. "Vizuri. Na huyu mdogo wako zamu yake yaja. Tunamngoja babu ashuke kutoka Amani na mbuzi wake, tufanye sherehe ya maana."

Ubatizo wa Tadeo ulikuwa umeahirishwa mara mbili kwa ajili ya mbuzi huyo.

Jumanne asubuhi Tadeo alianza kuhema kwa shida. Mganga wa zahanati alimtazama mara moja tu, akawaambia wavuke mto haraka waende hospitali ya Pangani mjini. Baba, Zebedayo, alikuwa mbali katika mashamba ya mkonge. Jirani yao Bi Mwanaima, mwanamke wa Kiislamu aliyempenda Tadeo kama mjukuu, alisimamisha bajaji, wakapanda wote.

Walipofika mtoni, kivuko kilikuwa ng'ambo, kinashusha magari. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi.

"Dorkasi," mama alisema, "mbatize mdogo wako."

"Mimi?"

"Wewe umefundishwa juzi tu. Sisi zamani tuliambiwa hiyo ni kazi ya mchungaji. Fanya haraka, mwanangu, asituondokee hivi hivi!"

Bi Mwanaima alifungua chupa yake ya maji ya kunywa. "Shika, mwanangu. Haya ni safi," alisema, kisha akasogea kando kwa heshima.

Dorkasi aliishika chupa. Je, mtoto wa miaka kumi na miwili anaruhusiwa kubatiza? Na kama haruhusiwi, si atakuwa anachezea mambo ya Mungu? Na maneno yanayosemwa ni yapi? Majibu yalikuwa katika somo alilolikwepa. Kukiri aliogopa, kubatiza pia aliogopa. Basi alimwaga maji kidogo kwenye paji la uso la Tadeo mara tatu, akachezesha midomo, wala sauti haikutoka.

"Amina," alisema mama, akafumba macho.

Kivuko kilipogusa ukingo, Tadeo alikuwa amekwishakata roho. Bi Mwanaima alimfunika uso kwa pindo la khanga yake. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akalia kama aliyefiwa na wa kwake.

Nyumbani msiba ulijaa watu. Kila aliyekuja kutoa pole, mama alimwambia neno lile lile: "Angalau alibatizwa." Dorkasi alilisikia kila mara, na kila mara lilimchoma. Jioni hiyo alimwuliza Hosea maneno ya kubatizia, naye akamtajia yote: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kumbe yalikuwa mafupi namna hiyo! Kumbe katika hatari ya kifo, Mkristo yeyote aliruhusiwa kuyasema!

Kesho yake, kabla ya maziko, Mchungaji Fanueli alifika na kitabu cha kanisa.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, Dorkasi. Nieleze ulisema nini pale mtoni, nipate kuuandika ubatizo wa ndugu yako."

Mama aliinua uso. Faraja iliyombakia ilikuwa hiyo moja tu. Maneno Dorkasi sasa aliyajua. Angeyataja tu, mambo yangekwisha.

"Sikusema kitu, Mchungaji," alisema, machozi yakimtoka. "Nilichezesha midomo tu. Jumamosi sikwenda darasani."

"Dorkasi!" mama alipiga ukelele, hata waliokuwa nje wakanyamaza. "Umemwacha mdogo wako aende hivi hivi!" Baba, aliyerudi usiku kutoka mashambani, alimshika asianguke.

Mchungaji aliiweka kalamu chini. "Mama Dorkasi, nisikilize. Katika ubatizo, Mungu husema kwa maji na kwa neno lake: huyu ni wangu. Ndiyo maana hatuuchezei. Lakini walioagizwa kubatiza ni sisi, Mungu hakujifunga mikono. Yesu aliyewakumbatia watoto hatamfukuza Tadeo kwa sababu sisi tulichelewa." Kisha akamgeukia Dorkasi. "Nawe, ukweli huu umekuuma, lakini uongo ungempa mama yako faraja ya bandia. Shika hili: unachofundishwa si chako peke yako. Iko siku mtu atakuhitaji ukijue, naye hatakuwa na muda wa kungoja."

Katika kitabu aliandika kifo tu. Pa ubatizo alipaacha wazi.

Mama hakusema na Dorkasi mpaka waliporudi kutoka makaburini. Ndipo alipomwita, akamketisha kwenye mkeka ubavuni mwake.

"Umekosa, nami sitakuficha," mama alisema. "Lakini wewe ulikuwa na dakika moja, mwanangu. Mimi nilikuwa na wiki tano."

Akamvuta kifuani, wakalia pamoja.