Edvina na Mikato ya Pumzi

Edvina alikuwa akimenya ndizi za mchana nyumbani kwa shangazi yake Felicitas, Rwamishenye. Kesho yake alikuwa na jaribio la kuandika Kiingereza ili aajiriwe kwenye kampuni ya vanila, Kemondo. Mara ya kwanza alishindwa. Akishindwa tena, ni kurudi kwao Muleba, nafasi ya kazi apewe mwingine. Alikuwa na hofu tangu alfajiri, hata chai hakunywa.

Felicitas alichoka kumbembeleza. Akaenda kumwita jirani yao Mastura, mwalimu wa Kiingereza.

Mwalimu Mastura aliomba kusoma insha ya mazoezi. Kila baada ya maneno mawili matatu palikuwa na mkato. Akauliza nani alimfundisha hivyo.

"Padre," Edvina alisema kwa sauti ndogo.

Kwao Muleba alikuwa msomaji wa masomo kanisani. Padre alimwagiza aweke mkato kwa penseli kila mahali anapotaka kuvuta pumzi. Basi na Kiingereza akakiandika hivyo hivyo.

"Na ukiwa na hofu, pumzi zako zinakuwaje?"

"Fupi, Mwalimu."

"Ndiyo maana mikato imejaa hivi. Padre hakukosea, mwanangu. Ile ilikuwa ya kukusaidia wewe kusoma kwa sauti. Hii ni ya kumsaidia anayekusoma."

Akaandika: *My mother, grows coffee.*

"Nani analima kahawa?"

"Mama."

"Basi usimtenge mama na kazi yake. Futa mkato."

Akaandika tena: *My mother grows coffee, beans, and vanilla.* Mazao ni matatu, akaeleza, na mikato inayatenganisha. Kisha: *When the rain stops, we pick coffee.* Hapa maneno ya kutangulia yameisha, mkato umewekwa, ndipo sentensi yenyewe ikaanza.

"Kila mkato uwe na kazi," alisema. "Ukikosa kazi, usiuweke."

Walifanya mazoezi mpaka ndizi zikaiva jikoni.

Kesho yake, Kemondo, hofu ilimrudia Edvina vilevile. Kalamu ilitaka kudonoa mkato baada ya neno la pili. Akajiuliza una kazi gani. Haukuwa nayo. Akavuta pumzi ndefu, akaendelea kuandika.

Wiki iliyofuata aliitwa kazini. Siku ya kwanza alipewa barua ya kuwaandikia wanunuzi wa ng'ambo, akaiandika huku akikagua kila mkato. Msimamizi aliisoma mara moja tu, akaituma kama ilivyo. Hofu ya Edvina ilikuwepo, lakini kwenye karatasi haikuonekana.