Aliyekula Kabla ya Kulia

Ugali wa Cephas ulikuwa na udongo. Wote waliokaa mezani walikata kwenye sinia moja wakakuta ugali wa mtama, moto, wa kawaida kabisa. Yeye tonge la kwanza tu alitema kiganjani, na kilichotoka kilikuwa chekundu na kibichi.

"Dada, hawa wanapikia shambani nini?" alimnong'oneza Mellen, akacheka.

Mellen hakucheka. Yeye na mdogo wake walikuwa wametoka Mwanza, wakavuka mpaka pale Sirari, ili kuliona kwa mara ya kwanza shamba la babu yao karibu na Ndhiwa. Marehemu baba yao aliwahi kumwonya: ukifika kwenu na kuna mzee aliyezikwa bila wewe, usisalimie mtu, usionje hata maji. Nenda kaburini kwanza, ulie kwa sauti wakusikie walio hai na aliyelala. Mellen alikwenda, akalia kweli. Cephas alibaki langoni akijipiga picha na simu.

"Nitamliliaje mtu ambaye sikumjua?" alisema. "Tena njaa inaniua."

Basi Dani, bibi yao, alipouliza kama kijana naye amelia, Mellen alitazama samaki wanaopoa, akaona aibu, akajibu, "Amelia, Dani." Ulikuwa uongo mdogo tu. Nani hajawahi kudanganya kwa ajili ya samaki wa Nyanza? Lakini Mzee Rading', babu yao aliyezikwa pale, hakuwa wa kudanganywa hata alipokuwa hai, na watu wa pale walimwogopa akiwa ameketi tu.

Walikuwa wananawa mikono baada ya kula harufu ilipoingia. Ilikuwa tumbaku mbichi na udongo uliofukuliwa sasa hivi. Kisha wakasikia jembe. Lilikuwa likigonga chini ya miguu yao, ndani ya ardhi, likija juu.

"Nani analima huko chini?" Cephas aliuliza, na jasho lilikuwa limeshamtoka.

"Yesu wangu," alisema Damaris, mke wa Baba Mdogo, kwa sauti ndogo. "Wesley, omba. Omba haraka."

Baba Mdogo Wesley alikuwa mzee wa kanisa, Msabato asiyekunywa hata chai ya rangi. Akafumba macho, akamwekea Cephas mkono kichwani, na hakufika hata kwenye amina, kwa sababu Cephas aliudaka ule mkono, akaupinda mpaka mfupa ukalia na kila mtu akausikia, akamrusha mzee wa watu ukutani kama gunia la pumba, akaipindua meza, akapita mlangoni akiondoka na mlango wenyewe, akaenda moja kwa moja zizini, na huko akamkamata fahali mweusi pembe zote mbili na kumvunja shingo huku akiguna kwa sauti nzito ya kizee ambayo Dani, peke yake kati ya wote, aliinua kichwa kuisikiliza.

Wanaume wa majirani walimwangukia wengi kwa pamoja. Mmoja aling'atwa sikio likatoka. Mwishowe walimfunga kwa kamba za ng'ombe kwenye nguzo ya ghala, akawa anapumua tu, damu mdomoni, macho yake hayamjui mtu.

Asubuhi aliletwa Magige, mganga Mkuria kutoka upande wa Ogwedhi. Wesley, mkono ukiwa umefungwa kwa khanga, hakubisha. Magige alimnusa Cephas, kisha akamgeukia Mellen.

"Huyu alienda kwa kaburi ama hakuenda?"

Mellen alianguka magotini. "Nilidanganya. Hakulia. Nisameheni, nilidanganya."

"Wewe mtoto!" alifoka Wesley. "Unaleta jachien kwa nyumba yangu juu ya ugali?"

Jachien ndivyo Waluo wanavyomwita mfu anayerudi na kisasi. Magige alimnyamazisha Wesley kwa kiganja.

"Nitamfukizia moshi. Atatoka. Sisi tutamfukuza na ng'ombe na mikuki mpaka mto Kuja, na mtu wa damu yake ndiye atatangulia kupiga. Ni wewe, mama. Na usikie vizuri: atalia na sauti ya ndugu yako. Atakuita. Usijibu. Ukijibu, kijana amekwisha."

"Nitapiga," alisema Mellen. Angefanya lolote. Cephas alikuwa ndiye pekee aliyebaki kwao. Alikuwa amemlea yeye tangu mama yao afe.

Moshi ulipomfika, Cephas alipiga yowe moja, akalegea. Kitu kikapita kati ya miguu ya watu, hakionekani, majani yakilala kilipopita. Wakalifuata lile jani linalolala, ng'ombe wakikimbizwa, mikuki juu, pembe zikipulizwa, wanawake wakipiga sufuria, na Mellen mbele yao wote akirusha mawe kwa mikono miwili, moyo ukimpasuka, maana mbele yake palikuwa na sauti ikilia Kiswahili cha Mwanza, "Dada, ni mimi! Dada, mawe yanauma! Dada, usiniache huku, siijui njia!" naye akalia na kutukana na kuongeza mawe, mpaka majani yakaisha, na maji ya mto yakapasuka kama mtu aliyetumbukia, sauti ikanyamaza.

Walirudi wakiimba. Kamba zilikuwa zimefunguliwa. Cephas alikuwa ameketi kivulini, miguu imenyooka, mtulivu. Mellen alimkimbilia akamkumbatia. Mdogo wake hakumkumbatia. Alimsogeza kando taratibu, kwa adabu, jinsi mtu anavyomsogeza mtoto wa jirani, akamtazama Dani.

"Nyar Kadem," alisema. "Kelna nyuka."

Binti wa ukoo wa Kadem, niletee uji. Kilikuwa Kiluo safi, cha wazee, na Cephas hakujua Kiluo hata cha kuombea maji.

Mellen alimgeukia Magige. Mganga alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, ujasiri wake wote umemtoka.

"Walikuwa wawili ndani," alisema polepole. "Moshi umetoa mmoja. Yule alikuwa ameshika sana... huyo amebaki."

"Mrudishe! Mrudishe ndugu yangu!"

"Huyo tumefukuza na mikuki, mama. Harudi."

Dani alikuwa ameshainuka. Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akacheka kidogo kama msichana, akaenda jikoni kuwasha moto.

Mellen alikimbia kurudi mtoni akiliita jina la Cephas. Aliita mpaka sauti ikakauka. Maji yalikuwa yanakwenda zake ziwani, na ukingoni yalikuwepo mawe yake tu.