Nilitia Saini Mara Mbili, Pacha Wangu Akashuka

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa uhandisi, mzaliwa wa Kambarage, mjini Shinyanga. Ukinikuta darasani utasema huyu ni mtu mpole, mwenye subira... Wasomaji wenzangu, someni kwanza.

Jina langu ni Kulwa. Pacha wangu aliitwa Doto. Baba alipofariki, ilibidi mmoja wetu aache shule. Doto hakungoja kuulizwa! Alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, na jasho lake likanipeleka chuo, kisha ng'ambo, ambako nilifanya kazi ya kukagua mabawa ya ndege.

Huko nilijifunza sheria moja. Ngoja niieleze taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Fundi akishatengeneza kitu, anatia saini. Kisha mtu mwingine anakikagua upya na kutia saini ya pili. Kwa nini? Kwa sababu jicho la aliyetengeneza huona linachotaka kuona.

Niliporudi kufundisha, niliunda roboti ndogo ya magurudumu sita. Kazi yake ilikuwa kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kutafuta nyufa kabla mtu hajaingia. Niliiunda kwa ajili ya Doto. Naapa!

Siku ya kuionyesha roboti hiyo wageni wakubwa walikuja hadi kwenye duara la Doto. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Njiani roboti ilitikisika vibaya, nikalazimika kubadilisha kifaa chake cha kupimia nyufa palepale. Mwalimu mwenzangu wa kutia saini ya pili alikuwa amekwama Kahama, basi limeharibika. Wageni walikuwa wanatazama saa zao...

Nikatia saini ya kwanza. Kisha, kwa mkono huuhuu, nikatia ya pili.

Roboti ilishuka, ikapanda, ikawasha taa ya kijani. Makofi! Wageni wakataka sasa kumwona mchimbaji akishuka.

Doto aliteremka hatua chache, akagonga ukuta kwa nyundo, akatega sikio. Ndivyo wafanyavyo kule. Mwamba mzima hulia kwa ukali, uliolegea hutoa sauti nzito. Akapanda tena.

"Kulwa, hapa panaitika vibaya. Tungoje kesho."

"We Doto, mashine imeona mpaka ndani ya mwamba. Hiyo nyundo yako imesoma mpaka darasa la ngapi?"

Wageni wakacheka. Doto naye akacheka, lakini hakunitazama.

"Haya, Injinia. Nyundo iliacha shule ili wewe usome."

Akashuka.

Ukuta ulimwangukia kabla hajafika chini. Alipotolewa, nilimtambua kwa mkanda wake tu... Uso wake ulikuwa uso wangu, na haukuwepo tena.

Je, nilikiri? Hapana! Wakaguzi wa migodi waliponihoji nilisema alishuka bila ruhusa, na wale wageni, kwa kuogopa lawama, wakaniunga mkono. Walinipa pole. Miezi michache baadaye nikafanywa mkuu wa idara.

Aliyenimaliza ni mama. Alinifariji kwa uongo wangu mwenyewe. "Usijilaumu, ng'wanawane, mwanangu. Doto alikuwa mbishi tangu utoto." Mwaka mzima alimlaumu marehemu, tena mbele ya mjane wake, nami nimekaa hapohapo nakunywa chai!

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta mama anachambua mchele, nikamweleza yote.

"Aligonga?" aliuliza.

"Aligonga, mama."

"Akakwambia?"

"Akaniambia."

Aliendelea kuchambua mchele. Tangu siku ile haniiti Kulwa. Ananiita Injinia.

Nimewaandikia wakaguzi ukweli, na nangoja hukumu yao. Lakini wewe unayesoma, fundi, dereva, muuguzi, mwalimu, nakusihi... Usijikague mwenyewe kwa kuogopa wageni. Mtafute mtu wa pili, na akikwambia ngoja, ngoja! Wangu alikuwa amesimama mbele yangu, nyundo mkononi.