Pezi Refu Chini ya Ubao

"Umezama tena!"

Mwalimu alipaza sauti kutoka ufukweni, mikono kiunoni. Msusi, mchumba wake, akaibuka akitema maji, tanga la ubao wake limelala ubavuni mwake.

"Nimekosea wapi sasa?"

"Miguu yako mizito, mpenzi. Nilishakwambia, kinyumenyume si ya kila mtu."

Kinyumenyume ndilo jina la mtindo huo pale klabuni. Upepo unakukimbiza juu ya ubao, wewe unaurusha kidogo, unaugeuza nyuma mbele, unahamisha mikono kwenye tanga, kisha unateleza kisogo kikitangulia. Mwalimu aliifanya huku akipiga mluzi. Msusi aliifanya huku akinywa maji, msimu mzima. Na Jumamosi ndiyo yalikuwa mashindano: mwanamke atakayeshinda anaingia kwenye timu ya taifa, anakwenda nje ya nchi kufanya mazoezi nusu mwaka.

Saluni, mama yake alimshika viganja vilivyochubuka.

"Mikono gani hii ya kusukia watu?"

"Mama, nimebakiza kidogo tu."

"Hicho kidogo kila siku unakibakiza!"

Alhamisi simu ikalia mlio wa ujumbe. Mwalimu: "Nina dharura mjini. Leo pumzika, mpenzi."

Apumzike, na upepo ule? Msusi alikwenda klabuni. Stoo, ubao wake ulikuwa nyuma kabisa, wa Mwalimu mlangoni. Akabeba wa mlangoni.

Mara ya kwanza ubao uligeuka upesi mpaka akaanguka kwa mshtuko. Mara ya pili akateleza kinyumenyume, wima, mdomo wazi. Akapiga kelele za furaha peke yake majini kama mwehu.

Kisha furaha ikamkauka. Mbona leo?

Alirudi stoo, akauvuta ubao wake, akaupindua. Chini ya ubao wa Mwalimu kulikuwa na pezi fupi kama la samaki, la urefu wa kiganja. Chini ya wake, pezi refu la mbio, lile linalong'ang'ania maji ili ubao uende moja kwa moja. Ubao wenye pezi hilo haugeuki hata uupigie magoti. Na siku zote aliyemfungia pezi ni Mwalimu. Alikuwa akimkabidhi ubao ukiwa tayari unaelea. "Hiyo kazi niachie mimi," alisema kila asubuhi, na wasichana wa klabuni wakamwonea wivu Msusi kwa kudekezwa. Kudekezwa huko!

Akapiga simu.

"Pezi la ubao wangu nani kalifunga?"

"Kwani kuna nini, mpenzi?"

"Nakuuliza wewe!"

"Mimi."

"Ulijua ni refu?"

"Nilijua."

"Kumbe miguu yangu haina uzito wowote."

"Nisikilize, mpenzi. Ungeshinda, ungeondoka. Huko utanikumbuka mimi? Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora nizame."

Akakata. Alilia sana, tena kwa sauti. Alipomaliza, akaenda kuchukua bisibisi ya saluni, ile ya kufungulia mashine za kukaushia nywele, akaomba pezi fupi klabuni, akalifunga kwa mkono wake.

Jumamosi ufukwe ulifurika. Mshika kipaza sauti alikuwa Mwalimu mwenyewe. Msusi alipoingiza ubao majini, wawili watatu wakaanza kucheka.

"Msicheke," Mwalimu akasema kwenye spika. "Mlikuwa mnamwona akianguka. Nilimfungia pezi refu makusudi, asijue, asiende. Kosa ni langu. Mtazameni sasa."

Watu wakazomea. Mama akasimama.

"Njia ya mwongo fupi, hata pezi lake likiwa refu!"

Msusi aliyasikia yote. Akavuta tanga, ubao ukakamata kasi. Akaruka. Mkia wa ubao ukaja mbele, mikono ikahama, akateleza kinyumenyume mbele ya majaji mpaka povu nyuma ya ubao likaisha. Akageuka, akarudia upande wa pili. Hapo hata waliokuwa wakizomea wakasahau kilichowaudhi.

Alishinda, tena kwa mbali.

Mwalimu alimfuata ukingoni, kichwa chini.

"Nenda. Hata kama hutarudi kwangu, nenda."

"Nitakwenda. Sikuombi ruhusa."

"Na pete?"

Msusi alitazama kidole chake kilichokunjamana kwa maji. Hasira ilikuwepo bado. Lakini mwanaume aliyejianika mwenyewe mbele ya umati ule, naye alimwona.

"Pete naondoka nayo. Harusi tutaizungumza nikirudi, kama utakuwa umejifunza kungoja."

"Nitangoja."

"Mwenzio kajifunza kwa kuanguka," Mama akadakia. "Na wewe jiandae."

Mwalimu akacheka huku machozi yakimtoka. Akainamia ubao haraka, kama alivyozoea.

"Ngoja nikufungulie pezi."

"Acha." Msusi akatoa bisibisi yake. "Hiyo kazi niachie mimi. Wewe shika huko mbele, tubebe."