Kanda ya Wanaojibu

Lorene Kuchta alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu, kabla ya tarishi kupita. Mchana tarishi alileta mfuko mzima wa barua. Kila bahasha ilimpongeza kwa ushindi. Mwanawe, Verlyn, alizipokea mlangoni akiwa bado ameshika viatu vya mama yake, ambavyo watu wa mochwari walisema havihitajiki.

"Pole, Verlyn," tarishi alisema. "Lakini ni zake. Siwezi kurudi nazo."

Chumbani kwa mama alikuta zawadi za miaka yote. Saa za plastiki, kalamu zilizopakwa rangi ya dhahabu, mikufu iliyomwacha marehemu na doa la kijani shingoni. Ili apate takataka hizo Lorene alikuwa akituma hundi kila wiki, na ili atume hundi aliacha kununua dawa za moyo. Daktari alilisema hilo kwa sauti ya chini.

Wiki chache baada ya mazishi barua zikakoma ghafla. Verlyn alidhani ni heshima kwa wafu.

Kisha zikaanza kufika kwa Twyla Bohac, mdogo wake Lorene. Dada hao wawili walikuwa wakikaa meza moja kila Alhamisi, mmoja anajaza fomu, mwingine analamba stempu. Sasa Twyla alikuwa amebaki peke yake na meza.

"Acha kujibu, mama mdogo," Verlyn alimwambia.

"Nikijibu namsikia yupo," Twyla alisema. "Wewe unamsikia wapi?"

Mwezi wa nane aliuza piano. Mwezi wa tisa alianza kuulizia bei ya nyumba.

Ndiyo maana Verlyn alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la uchapishaji lililofungwa, mjini Lincoln, Nebraska, amekaa juu ya katoni la karatasi, akimsikiliza jambazi.

Jambazi aliitwa Gaylen Stroud. Zamani alikuwa dalali wa orodha za majina na anwani za watu wanaotumiwa barua za matangazo, suti na tai. Walimfukuza kwenye biashara kwa sababu alikodi orodha ya watu mara moja, akaitumia mara tano.

"Orodha haiuzwi," Gaylen alisema. "Inakodishwa. Unalipia kutuma mara moja tu. Ukirudia, wanakunasa."

"Wanajuaje?" Dub aliuliza. Dub Rasmus ndiye alikuwa na mashine za kuchapa. Alikuwa pia na bastola, na hakumficha mtu.

"Mitego. Wanapachika majina ya watu wasiokuwepo. Anwani ni ya shemeji wa bosi, au ya mke wa mhasibu. Mtu asiyekuwepo akipata barua ambayo hawakuiruhusu, wanajua kuna mwizi."

"Sasa sisi tutapona vipi?"

Gaylen alimwelekezea kidole Marcy Pospisil, mwanamke mwembamba aliyekuwa anaendesha kompyuta kwenye kampuni inayokodisha orodha. "Mwambie, dada."

"Mitego naiweka mimi," Marcy alisema. "Mteja akikodi, natoa nakala, napachika mitego kwenye nakala. Kanda mama, ile ya kompyuta yenye majina yote, haiguswi. Iko safi."

"Tunabeba kanda mama," Gaylen alisema. "Tunaacha kanda tupu yenye lebo ileile. Hakuna mlango utakaovunjwa. Na ndani yake kuna nini, Marcy?"

"Wanaojibu. Wazee wanaoishi peke yao, waliojibu barua ndani ya mwezi mmoja. Ofisini tunawaita majina ya moto."

Dub alicheka. "Bibi za moto."

Verlyn alitazama sakafu. Palikuwa na wino uliokauka, umbo lake kama ramani.

"Na huyu dereva anataka mgawo gani?" Dub aliuliza.

"Mama yangu mdogo yumo," Verlyn alisema. "Twyla Bohac. Sitaki pesa. Kampuni ikikosa kanda haitamkodisha tena, nanyi nataka mumtoe kabla hamjachapa lebo hata moja."

"Jina moja tu?" Dub alishangaa. "Wengine wafe?"

Hilo ndilo swali ambalo Verlyn alikuwa akilikimbia tangu asubuhi.

"Nitamfuta kwa mkono wangu," Gaylen alisema. "Neno langu hilo, kaka."

JUMAMOSI, MECHI INAANZA

Jumamosi ya mechi ya chuo kikuu, Lincoln haina mtu barabarani. Aliye nje ya uwanja yuko mbele ya redio. Ungeweza kubeba benki na milango yake, hakuna atakayegeuza shingo.

Verlyn aliegesha gari la mizigo nyuma ya kampuni. Marcy alifungua mlango kwa ufunguo wake.

"Mlinzi yuko uwanjani," alisema. "Ana tiketi ya mwanawe."

Mlinzi hakuwa uwanjani. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na chumba cha kanda. Mzee Elmer Svoda, redio kwenye goti, bakuli la maharage ya nyama yenye pilipili mbele yake, na kando yake andazi la mdalasini, kama kila mtu anavyokula huko siku za baridi.

"Marcy?" mzee alisema, akitabasamu. "Wamekuita kazini leo? Watu gani hawa wasiojua kuna mechi? Kaa, mwanangu, tunaongoza."

Marcy alifungua mdomo. Alikuwa na uongo tayari, wangeweza kutoka nao. Dub hakumpa nafasi. Alimpiga mzee kwa kitako cha bastola, mara moja, juu ya sikio. Kiti kilianguka. Redio iliendelea kutangaza.

"Hukuwa na haja," Verlyn alisema.

"Ameona sura."

"Ameona sura ya Marcy, mpumbavu wewe. Anamwona kila siku."

Gaylen hakugombana na mtu. Alileta ndoo ya kupigia deki, akamwaga maji sakafuni, akaulaza ufagio wa deki karibu na miguu ya mzee. Aliupanga taratibu, akarudi nyuma hatua moja kuangalia, kama mtu anayeweka maua mezani. "Ameteleza," alisema. "Wazee huteleza."

Marcy aliingia chumba cha kanda, akaacha kanda tupu, akatoka na kanda mama, gurudumu la plastiki ndani ya kasha lake. Alikuwa analia bila sauti. Verlyn alipiga magoti, akaweka vidole kwenye shingo ya mzee. Ilikuwa inapiga.

"Tumwite daktari."

"Tukishafika mbali, sawa," Gaylen alisema. "Tembea."

Walipokuwa wanatoka Verlyn aligeuka. Dub alikuwa amesimama juu ya mzee, anamalizia andazi lake. Alilamba sukari vidoleni.

Kwenye kibanda cha simu cha kwanza Verlyn alisimamisha gari, akaita gari la wagonjwa. Dub alimwekea bastola kwenye mbavu. Verlyn alimaliza kutoa anwani ndipo akakata simu.

Mzee Elmer alizinduka hospitalini bila kukumbuka siku hiyo. Kampuni ilimtumia kadi, ikamkumbusha kuvaa viatu visivyoteleza.

JUMAPILI, LEBO

Mashine ya lebo ilikohoa majina siku nzima. Dub alichapa barua: Umeshinda, tuma ada ya kufungulia zawadi yako, usimwambie mtu. Marcy alibandika. Kazi ya Verlyn ilikuwa kupanga. Posta haipokei mzigo wa bei nafuu hadi bahasha zifungwe kwa mafungu ya eneo, na Verlyn aliendesha gari la barua miaka mingi. Vidole vyake vilisoma namba za maeneo vyenyewe.

"Twyla ulishamtoa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nilimtoa jana," Gaylen alisema. "Mara ngapi nikuambie?"

Fungu la Lincoln lilimfikia mchana. Alilipitisha vidoleni, akasimama.

LORENE KUCHTA.

Chini ya jina hapakuwa na anwani ya nyumba yao. Palikuwa na sanduku la posta la katikati ya mji, ambalo Lorene hakuwahi kuwa nalo.

Verlyn aliigeuza bahasha mkononi. Alielewa polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Barua hazikukoma kwa heshima. Mwenye kampuni alisikia kuwa Lorene amekufa, akamwacha ndani ya kanda mama, akambadilishia anwani. Mtego ambao Marcy hakuambiwa. Mwanamke wa kweli, mwenye historia ya kweli ya kujibu, hata jicho la dalali haliwezi kumshuku. Walimkamua akiwa hai. Amekufa, wamemfanya mbwa wa kulinda ghala.

Angeweza kusema. Neno moja, Gaylen angemfuta mama, na mzigo ungekuwa salama.

Alishusha fungu lililofuata. Bahasha ya tatu ilikuwa ya Twyla Bohac.

"Gaylen."

"Nini tena?"

"Twyla anajibu mara ngapi kwa mwezi?"

"Yule?" Gaylen alicheka kabla ya kujizuia. "Kila wiki, kaka. Kila..." Akanyamaza. Marcy aliacha kubandika. "Sikiliza. Mtu wa namna hiyo hafutwi. Huyo ndiye biashara yenyewe. Nitakupa kitu kidogo mwishoni."

"Sawa," Verlyn alisema.

"Umekasirika?"

"Hapana, bosi."

Aliichomeka bahasha ya Twyla ndani ya shati lake. Ya mama yake aliirudisha kwenye fungu, akalifunga kwa mpira, akalitupa ndani ya gunia.

Marcy alikuwa anamtazama. "Umeona nini?" alinong'ona.

"Jina ninalolijua."

"La nani?"

"Endelea kubandika, Marcy."

JUMATATU, POSTA

Alisukuma magunia hadi kwenye kaunta ya mizigo. Karani alimpa fomu. Gaylen alikuwa amemwagiza aandike jina la bandia. Verlyn aliandika Verlyn Kuchta, na anwani ya nyumbani.

"Mzigo mkubwa," karani alisema. "Mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu," Verlyn alisema.

ALHAMISI ASUBUHI

Majibu yalikuwa yameanza kurudi. Gaylen alikuwa amemwaga ya kwanza mezani. Mwandiko wa mikono inayotetemeka. Mmoja aliweka picha ya mjukuu, akaandika: msinisahau. Dub aliitoa hundi, akaitupa picha.

Wakaguzi wa posta waliingia milango yote miwili. Dub alipeleka mkono kiunoni, mkaguzi mmoja akambana mkono huo kwenye droo ya mashine. Mfupa ulilia. Gaylen hakusogea. Mkaguzi wa pili, mwanamke mwenye koti la mvua, aliinua bahasha moja iliyotoka kwenye lile sanduku la posta la mjini.

"Huyu bibi alikufa mwezi wa tatu," alisema. "Nani kati yenu anamjua?"

Gaylen alilisoma jina. Akamgeukia Verlyn. Akalisoma tena.

"Umetuuza," alisema.

"Siyo mimi," Verlyn alisema. "Mama."

Dub, mkono mmoja umevunjika, alimrukia na kumpiga kwa mwingine. Verlyn alitema jino juu ya lundo la barua, akanyoosha mikono ifungwe.

Kwenye gari alimuuliza mkaguzi kama kampuni itashtakiwa kwa kumtumia marehemu.

"Kuwa na mtego siyo kosa," mwanamke alisema.

"Na wazee? Wanaokodishwa kila mwezi?"

Mkaguzi alitazama nje ya dirisha. "Hilo nalo siyo kosa."

Marcy aliwataja wote, akafungwa muda mfupi. Gaylen na Dub walipata miaka mingi, zaidi kwa sababu ya mzee Elmer. Verlyn hakuomba kupunguziwa kifungo.

Twyla alikwenda gerezani mara moja, amevaa koti la dada yake. Verlyn alimsukumia kadi ya kuiarifu posta kuwa mtu amehama, anwani mpya ikiwa ni ya gereza.

"Mimi sihami," Twyla alisema.

"Barua za matangazo hazimfuati aliyehama, mama mdogo. Wanazitupa. Kadi zako za Krismasi zitakuja kwangu, nami nitakurudishia kupitia kwa jirani yako."

"Utaniachia meza tupu."

"Nitakuandikia mimi."

"Utaandika nini? Huko kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nitakuandikia hivyo."

Twyla alichukua kalamu. Kisha akatia sahihi, kwa hasira, karatasi ikachanika kidogo. Nyumba hajaiuza. Verlyn humwandikia Jumapili, naye hujibu, kwa kawaida kumlaumu.

Kanda ilirudishwa kwa kampuni, na orodha bado inakodishwa. Lorene Kuchta bado yumo kwenye kanda mama, na barua zake zinafika katika sanduku la posta la mjini, ambako karani wa kampuni hupita, huzikagua, na kuzitupa.