Familia ya Kwenye Kompyuta

Mfuko ulipasuka penye watu wengi kuliko pote, kwenye foleni ya dirisha la dawa, na maradhi yote ya mama yakamwagika sakafuni: vyeti, picha za eksirei, majibu ya maabara ya tangu enzi hizo. Bintiye, mshonaji mwenye duka lake, akainama kuokota huku gauni lake jipya la buluu likikanyagwa na kila apitaye.

"Pole, dada. Na hiki cheti ni chenu?"

Akainua macho. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, lakini kifungo cha pili hakipo. Mshonaji huona kifungo kabla ya sura. Sura nayo alipoiona, hakujuta.

"Ni chetu. Na usisome."

"Nimeshasoma. Mama ana presha, tena ana mzio wa penisilini."

"Umbea ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu kompyuta. Umbea natoa bure."

Mama, aliyekaa kwenye benchi, akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na kijana akajipatia nafasi ya kukaa.

Akawaeleza kwamba nyumbani kwake ana kompyuta kuukuu yenye programu ya kutunza kumbukumbu za matibabu za familia. Haiuzwi. Walioitengeneza wameiacha wazi, kila mwenye ujuzi aikague na kuirekebisha.

"Ili wewe usome vizuri zaidi?" Mshonaji alikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka mama yake alipougua sana, majirani walijua majibu ya vipimo kabla ya mgonjwa mwenyewe.

"Hata mimi sitasoma. Kompyuta itakaa kwenu, kabatini, na neno la siri utaliweka wewe. Mambo ya mama yatalala chini ya paa la mama."

Hapo moyo wa mshonaji ukalegea.

Ikawa kila Jumapili fundi huyo wa kompyuta yuko sebuleni kwao, karatasi zinapigwa picha moja moja, mama anasimulia kila homa kama anasimulia harusi.

"Vua shati," mshonaji akaamuru siku moja, sindano mkononi.

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama hasa!"

Kifungo kikashonwa kwa uzi wa buluu uliobaki kwenye lile gauni. Tangu hapo simu hazikukoma.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Wewe je, fundi mwenzangu?"

"Mimi sauti yako tu inanishibisha."

"Basi utakonda!"

Halafu ile kompyuta ya kabatini ikafa. Fundi akaleta nyingine, akahamishia humo programu kutoka kompyuta yake na nakala ya akiba ya mama iliyokuwa kabatini, akakimbilia kazini. Jioni mshonaji akaifungua aandike presha ya mama, na juu ya jina la mama akakuta familia nyingine. Baba wa familia: fundi. Watoto wawili. Na mke, mjamzito wa miezi saba.

Alisoma mara mbili. Alimpenda mtu huyu, na tena alimfungulia siri za mama yake. Hakujua kipi kinamuuma zaidi. Akapiga simu.

"Malaika wangu!"

"Mkeo hajambo?"

"Mke gani tena?"

"Mwenye mimba ya miezi saba. Msalimie."

Akakata. Simu ikaita, ikaita, ikachoka. Ujumbe ukaja, akaufuta bila kuusoma. Fundi akaja dukani, akakuta pazia limeshushwa na cherehani inalia nyuma yake kwa hasira. Siku zikapita hivyo, na mshonaji akakosea vipimo vya suruali ya mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Jumapili mama alitaka kuona presha yake; mshonaji akamfungulia kompyuta, akarudi kwenye cherehani yake ya nyumbani. Mama akavaa miwani, akakaa mbele ya kompyuta, akakawia.

"Mwanangu, hebu njoo. Huyu mke mwenzio anaumwa kweli."

"Mama, niache."

"Ana mimba ya miezi saba."

"Najua!"

"Na mwezi huo huo kapasuliwa tezi dume."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani?"

"Yeye, mke. Tena mtoto wake wa kwanza kamzidi umri."

Walitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, na mshonaji akafuata, akacheka na kulia kwa pamoja, huku anatafuta simu.

"Mkeo kajifungua salama? Na tezi dume yake imepona?"

Ikasikika sauti ya mtu anayejipiga kofi la paji la uso. "Jamani! Ile familia ya majaribio! Niliibuni wakati najifunza programu, nikajiandika baba, nikawabandikia kila ugonjwa nione kama kurasa zinafanya kazi. Nimewahamishia na wao! Nisamehe, mpenzi."

"Umeniliza kwa ajili ya mwanamke mwenye tezi dume."

"Ungepokea simu..."

"Ningepokea. Na mimi nisamehe. Njoo umfute."

Alikuja mbio, shati ni lile lenye kifungo cha uzi wa buluu. Akakaa, akaweka kidole tayari.

"Muage."

"Nenda salama, dada," akasema mshonaji, na yule mke akatoweka na wanawe.

Fundi hakuinuka. Akamgeukia mama, akainamisha kichwa. "Mama, naomba ruhusa na mimi niandikwe kwenye familia hii. Si kwa majaribio."

"Neno la siri analo mwanangu," mama akajibu. "Muombe yeye."

Mshonaji akavuta kibodi. Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la fundi. Panapoulizwa uhusiano, akaandika "mume", herufi moja moja, ili fundi aone vizuri. Panapoulizwa mzio, akasita.

"Una mzio wa nini?"

"Simu zinazokatwa," akasema fundi.

Akaliandika hilo nalo.

"Haya, hifadhi basi," mama akahimiza, "umeme usije ukakatika."